Upele wa Mapeasi

Kisa hiki nimekisimulia mara mbili tatu kwa mdomo, lakini sijawahi kukiandika. Kinahusu ugonjwa wa matunda, na kwa sababu hiyo msomaji anaweza kudhani kwamba ni habari ya mabwana shamba peke yao. La hasha. Kwetu Handeni ugonjwa huo ulimtoa mtu nyumbani, na mtu huyo alikuwa mama yangu mkubwa.

Nianze na michenza. Nyumbani kwetu ni karibu na Kabuku, kando ya barabara iendayo Segera. Babu alituachia michungwa ishirini hivi, na nyuma ya nyumba michenza sita. Baba naye akapanda mlimau mmoja juu kidogo ya michenza ile, mahali ambapo maji ya mvua huteremka. Machungwa tuliyala na kuyauza kwa bei yoyote iliyopatikana, lakini machenza yalikuwa fedha ya heshima. Ndiyo yaliyonunua sare zetu za shule na mafuta ya taa.

Mwaka 1977, baada ya masika mazito, machenza yalitoka na upele. Ganda lilijaa vinundu vidogo vigumu, vya rangi ya kijivu na kahawia, kama sugu. Majani machanga yalijikunja na kuota vidonda. Mnunuzi aliyekuwa akija kutoka Korogwe alichukua chenza moja, akaligeuza mara mbili, akalirudisha kikapuni bila kusema neno. Lililotutia hofu zaidi ni kwamba machungwa, yaliyokuwa hatua chache tu kutoka hapo, yalikuwa safi. Watu waliuliza: ni ugonjwa gani huu unaochagua?

Mwaka uliofuata upele ulirudi. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mama mkubwa alikuwa mjane wa kaka yake baba, hakujaliwa mtoto, na kila alfajiri alipita chini ya michenza akienda kisimani. Hakuna mwingine aliyepita njia ile. Baba alikwenda kwa mganga. Mganga hakutaja jina. Alisema tu kwamba ni mtu wa karibu, tena mwanamke. Hayo yalitosha.

Baba hakumfukuza. Alichofanya ni kuacha kuitikia salamu yake. Kila asubuhi mama mkubwa alisimama uani akasema, "Habari za asubuhi, shemeji," na kila asubuhi baba aliendelea kunoa jembe lake. Jambo hili lilichukua kama miezi mitatu. Kisha siku moja mama mkubwa alifunga nguo zake katika kanga akaenda kwa ndugu yake Korogwe. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, nami ndiye niliyembebea mkeka hadi kituo cha basi.

Tulipokuwa tukisubiri basi alitoa chenza katika upindo wa kanga, chenza lenye upele, akalimenya, akanipa. "Kula, mwanangu," alisema. "Upele uko nje tu."

Nililipokea kwa mikono miwili. Basi lilipoondoka nililitupa majanini, nikakimbia nyumbani kunawa mikono.

*

Mwaka 1986 nilipangiwa kufundisha Korogwe. Mama mkubwa alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Nilionyeshwa kaburi lake, nikasimama hapo kidogo, nikarudi kazini. Sikuwa na la kusema, kwa maana hata wakati ule, pamoja na elimu yangu yote, sikuwa na jibu la swali la zamani: kwa nini machenza, na si machungwa?

Mwalimu mwenzangu mmoja alikuwa Msambaa wa upande wa Soni. Mwishoni mwa Agosti mwaka 1987 alinialika kwao. Tulipanda gari la Korogwe hadi Mombo, na pale Mombo, kama wajuavyo wote wapitao barabara ile, tulizingirwa na wauza matunda ya mlimani. Msimu ukifika utaona plamsi, mapichi na mapeasi yamepangwa katika mabeseni. Kutoka Mombo barabara hupanda kwa konakona nyingi hadi Lushoto, mwendo wa kilometa 30 na ushei, na joto la bondeni huachwa nyuma kama shati lililovuliwa.

Tulimkuta baba yake mwenzangu shambani, ameinama chini ya mipeasi yake akikusanya majani makavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiye Mzigua? Ninyi watu wa nyikani hamjui baridi. Shika reki hiyo, utapata joto."

Hiyo ndiyo haki ya mtani, nami nilishika reki. Majani mengi ya mpeasi huanguka wakati wa kipupwe, ingawa huku kwetu hayaanguki yote kwa pamoja kama huko Ulaya ulikotoka mti huo. Mzee hakutaka jani hata moja libaki. Tuliyakusanya, tukayafukia katika shimo. Kisha akakata matawi yaliyobanana na vijiti vyenye mabaka, navyo akavichoma moto. Baada ya hapo akaleta ndoo mbili za plastiki, bomba la mgongoni, pakiti ya chokaa na kipande cha karatasi kilichofungiwa mawe madogo ya buluu.

Niliyatambua mara moja. Ulikuwa mrututu, ule ambao mama zetu waliusaga na kutunyunyizia vidondani tukalia. Mzee aliyeyusha gramu 100 za mrututu katika ndoo moja na gramu 100 za chokaa katika ndoo nyingine, akamimina maji ya mrututu katika maji ya chokaa huku akikoroga, akapata kama lita 10 za dawa ya rangi ya buluu nzuri sana. Halafu akachovya msumari uliosuguliwa ukang'aa. Akaungoja kidogo, akautoa. "Ukitoka na wekundu wa shaba, dawa itaunguza majani," alinieleza. "Hapo unaongeza chokaa. Ukitoka mweupe, unapuliza. Na usiitengeneze katika chombo cha chuma, kitaliwa."

Niliitazama mipeasi. Vichipukizi vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza kuvimba. Hakukuwa na doa wala kidonda. Nikauliza swali ambalo leo hulionea haya: "Mzee, mbona unaitibu miti ambayo haina ugonjwa?"

Alicheka. "Ndiyo maana naitibu. Nikingoja niuone, nimeshachelewa."

Ng'ambo ya ua wa miti ya mpaka palikuwa na mipeasi mingine, ya mdogo wake, ambayo haikufagiliwa wala kupogolewa. Nilimwuliza kuhusu hiyo. Alinyamaza, kisha akasema kwamba miaka ya nyuma mdogo wake aliamini kwamba yeye mzee ndiye aliyeiharibu kwa husuda. "Nilimwambia mpeasi haurogwi. Hakunisadiki. Sasa mimi nafagia upande wangu, na upepo unaniletea ugonjwa kutoka upande wake."

Nilirudi mwezi wa Januari, matunda yakiwa yamekua. Mapeasi ya mzee yalikuwa na mabaka hapa na pale, hasa upande wa mpakani. Ya mdogo wake yalisikitisha: madoa meusi yenye manyoya laini kama mahameli, mengine yamekauka na kupasuka, matunda yamepinda upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu. Nililichuma moja nikalipapasa. Ghafla nikaona kituo cha basi cha Kabuku na mkono ulionyoosha chenza.

*

Tangu siku ile nimesoma kila nilichoweza kupata juu ya jambo hili, nami napenda kueleza kwa ufupi nilichojifunza, maana ndicho kilichonikosesha usingizi.

Upele wa mapeasi huletwa na kuvu, kiumbe wa jamii ya ukungu unaoota juu ya mkate uliolala. Wataalamu wanamwita Venturia pyrina, jina alilopewa na Mjerumani Rudolf Aderhold mwaka 1896. Kuvu huyu hujificha katika majani yaliyoanguka na katika vidonda vya vijiti. Mvua inaponyesha, majani yaliyolala chini hurusha spora, yaani mbegu ndogo zisizoonekana kwa macho, nazo huchukuliwa na upepo. Spora ikitua juu ya jani changa au tunda changa lenye unyevu, nalo likabaki limelowa kwa saa nyingi mfululizo, huota na kupenya. Siku kadhaa hupita bila dalili yoyote, wiki moja, mbili na hata zaidi. Madoa yanapoonekana, kuvu ameshajenga nyumba ndani, na kila tone la mvua linaloangukia doa moja hurusha mbegu nyingine kwenye tunda la jirani.

Dawa ya mrututu na chokaa haimtoi kuvu aliyekwisha kuingia. Kazi yake ni kulinda mlango. Ndiyo sababu mzee alipuliza miti iliyoonekana mizima.

Machenza nayo yana upele wao, nao huletwa na kuvu mwingine kabisa, aitwaye Elsinoë fawcettii. Huyu wa michenza hawezi kuugua kwake mpeasi, wala wa mpeasi hagusi mchenza. Lakini tabia zao zinafanana: wote hupenda mvua, wote hushambulia kilicho kichanga. Huyu wa jamii ya michungwa hubaki mtini katika vinundu vya mwaka uliopita, na huenezwa hasa na matone ya mvua yanayotoka tawi hadi tawi. Tena, na hapa nilipokuwa nikisoma niliweka kitabu chini, kuvu huyu huchagua. Milimau hushambuliwa sana, michenza pia hushambuliwa, lakini machungwa matamu kwa kawaida huyastahimili mashambulizi yake.

Kwa hiyo swali la wazee wetu lilikuwa swali zuri. Waliona sawasawa kwamba ugonjwa ule ulikuwa ukichagua. Jibu ndilo walilolitafuta mahali pasipostahili. Mlimau aliopanda baba kwa mkono wake ulisimama juu ya michenza, nao tangu nilipopata akili ulikuwa na ganda la vinundu ambavyo hakuna aliyevijali, kwa sababu nani hujali sura ya limau? Siwezi kuapa mahakamani kwamba ndiko ulikotoka upele. Lakini ikiwa lazima mtuhumiwa apatikane, ningeanza na mlimau kabla ya mjane.

*

Asije mtu akadhani kwamba kutafuta mchawi ni ujinga wetu sisi Waafrika pekee. Mwaka 1845 viazi vya Ireland viligeuka kuwa tope jeusi ardhini. Katika njaa iliyofuata walikufa watu zaidi ya 1,000,000, na wengine kiasi kama hicho wakaihama nchi. Wapo waliosema ni ghadhabu ya Mungu. Wapo waliosema ni hewa mbaya. Wapo hata waliolaumu umeme wa gari moshi, ambalo lilikuwa jambo geni wakati ule. Kasisi mmoja Mwingereza, Miles Berkeley, alisema mapema mwaka 1846 kwamba chanzo ni ule ukungu ulioonekana juu ya majani. Wengi walimjibu kwamba ukungu ni matokeo ya kuoza wala si chanzo. Ilimpasa Mjerumani Anton de Bary kufanya majaribio yake, na kufikia mwaka 1861, ndipo ukweli ukathibitishwa. Leo kiumbe yule wa viazi hahesabiwi tena kuwa kuvu halisi, bali wa jamii nyingine inayofanana naye, lakini funzo halijabadilika.

La kusikitisha ni kwamba sehemu ya jibu ilikuwapo zamani. Mwaka 1807, huko Montauban nchini Ufaransa, Bénédict Prévost aliandika juu ya ugonjwa unaogeuza punje za ngano kuwa unga mweusi unaonuka. Alikuwa ameona kwamba spora za ugonjwa ule hazikuota katika maji yaliyogusana na chombo cha shaba. Akajaribu mrututu juu ya mbegu za ngano, ukafaa. Wakubwa wa sayansi hawakumsadiki. Hadi Ireland inaingia katika njaa, maandishi yake yalikuwa yamelala miaka 38.

Shaba ilirudi kwa njia ya ajabu. Mwaka 1882, katika mashamba ya zabibu ya Médoc, karibu na Bordeaux, ugonjwa mpya kutoka Marekani ulikuwa ukikausha mizabibu. Profesa Alexis Millardet alipita barabarani akaona kwamba mizabibu iliyo kando ya njia bado ina majani, ilhali ya ndani imebaki vijiti. Alipouliza, aliambiwa kwamba wenye mashamba huipaka mizabibu ya barabarani mrututu na chokaa ili wapita njia waione imetiwa rangi, waogope sumu, wasiibe zabibu. Mnamo mwaka 1885 Millardet alitangaza dawa hiyo kwa walimwengu, nayo ikaitwa kwa jina la mji wa Bordeaux. Hiyo ndiyo dawa aliyoichanganya mzee wa Soni. Nasi tunaouza matunda kando ya barabara ya Segera tunaielewa haraka hadithi hii, kwa maana wezi wa machungwa tunawajua.

Na milima yetu ya Usambara ina sehemu yake katika historia hii. Mwaka 1869 kutu ya majani ya kahawa, ambayo nayo ni kuvu, ilionekana kisiwani Ceylon, iitwayo leo Sri Lanka. Mtaalamu Marshall Ward alipelekwa huko mwaka 1880. Alieleza jinsi spora zinavyosafiri kwa upepo na kuota juu ya jani lililolowa, na kwamba dawa haina budi kuwa juu ya jani kabla spora haijapenya. Alionya pia juu ya kupanda mti wa aina moja milima kwa milima. Aliyasema haya kwa watu waliokwisha kufilisika. Mashamba mengi yaling'olewa, yakapandwa chai.

Pamoja na habari hizo, kuanzia mwaka 1891 Wajerumani walikata misitu ya Usambara ya Mashariki, upande wa Derema, wakapanda kahawa. Kutu iliwafuata. Haikuwa adui wa pekee. Udongo wa msitu ule ulikuwa na rutuba haba kuliko walivyodhani, wadudu walitoboa mashina, na bei ya kahawa ilishuka duniani. Chuo cha utafiti cha Amani kilipofunguliwa mwaka 1902, na mtaalamu Albrecht Zimmermann akaja kutoka Java akiwa na ujuzi wa magonjwa ya kahawa, ndoto ya kahawa ya Usambara ilikuwa tayari inafifia. Elimu ilipanda mlima nyuma ya hasara.

Bondeni nako mkonge ukatawala. Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893. Katika miche 1,000 ilisalimika 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na mji wetu wa Korogwe ukawa mji wa mkonge.

Lakini mlimani, upande wa magharibi, kulifanywa jaribio jingine dogo ambalo lilidumu zaidi. Mwaka 1896, mwaka uleule Aderhold alipompa jina kuvu wa mapeasi, serikali ya Kijerumani ilianzisha shamba la majaribio Kwai, juu ya Lushoto, ili kupima mazao na mifugo ya Ulaya. Wamisionari nao walipanda miti ya kwao. Wakoloni waliondoka, matunda ya nchi za baridi yalibaki mikononi mwa Wasambaa, hadi yakawa ndiyo sura ya Lushoto katika mabeseni ya Mombo.

*

Niliporudi likizo Handeni mwaka 1988 nilibeba mrututu, chokaa na maneno. Mrututu na chokaa havikuwa vizito. Maneno niliyabeba siku tatu kabla ya kuyatua.

Jioni ya siku ya tatu nilimweleza baba yote: kuvu, mvua, mlimau. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hiyo ulikuwa mlimau."

"Nadhani hivyo, baba."

Kesho yake alfajiri nilisikia shoka. Alikuwa akiukata yeye mwenyewe, naye alikataa kusaidiwa. Tuliokota machenza yote yenye upele, tukayafukia. Tulipogolea matawi ili jua na upepo vipite. Michenza ilipotoa majani mapya tulipuliza dawa, na petali za maua zilipokuwa zinaanguka tulipuliza tena, kabla ya dalili yoyote. Msimu ule machenza hayakuwa safi kabisa, lakini mnunuzi aliyanunua. Msimu uliofuata yalikuwa kama ya siku za babu.

Baba alichagua kikapu kizima cha mazuri kuliko yote, akanipa nipeleke Korogwe kwa ndugu wa mama mkubwa. Hakunipa ujumbe wowote. Nilimkuta wifi yake mama mkubwa, bibi mzee sasa, akipepeta mchele. Nilimwamkia, nikaweka kikapu chini, nikaeleza kilikotoka. Kwa kuwa alitaka kujua sababu, nilimweleza na habari za upele na dawa.

Alichukua chenza moja akaligeuza mkononi, kama alivyoligeuza yule mnunuzi wa zamani.

"Dawa mmeipata," alisema. "Yeye je?"

Hakurudisha kikapu, wala hakunikaribisha kukaa.

*

Baba naye ametangulia mbele ya haki. Michenza miwili ya babu ingali hai. Watu wengine huniuliza dawa, nami huwaeleza kama nilivyoelezwa: kusanya majani na matunda mabovu, pogolea, puliza kabla ya kuona, na zungumza na jirani, kwa maana kufagia upande mmoja wa ua hakutoshi. Huwaambia pia kwamba shaba haiozi. Ikipulizwa ovyo mwaka hadi mwaka hujilimbikiza udongoni, kama ilivyotokea katika mashamba ya zabibu ya Ulaya, na ikiingia mtoni huua samaki. Siku hizi ziko dawa nyingine nyingi, na tangu mwaka 2020 ipo sheria iliyounda mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu; ni vema kumwuliza bwana shamba dawa ipi imesajiliwa, na kuvaa glavu na kufunika pua. Lugha yetu ilikuwa imetuachia dokezo siku zote: salfa, ambayo nayo ni dawa ya zamani ya upele wa matunda, Waswahili waliita kibiriti upele, kwa sababu waliipaka ngozi za watu.

Lakini hakuna anayeniuliza juu ya lile jingine. Madoa yalipoonekana kwetu, tulikuwa tumeshachelewa, kwa mti na kwa mtu. Maneno ya kwanza juu ya mama mkubwa yalisemwa na nani sijui, labda kisimani, labda jikoni, nayo yalikuwa madogo kuliko spora. Wakati huo ndipo mtu mmoja angesema, "Hapana, tungoje tuchunguze," yasingeota. Hakuna aliyesema. Nami nilikuwa na umri wa kutosha kubeba mkeka.

Kila nipitapo Mombo katika msimu hushuka garini ninunue mapeasi. Wauzaji hunichagulia yaliyo laini na safi, nami huwaomba yale waliyoyatenga pembeni, yenye mabaka. Huyapunguza bei wakinishangaa. Mmoja, binti mdogo, aliwahi kuniambia, "Babu, hayo yana upele."

"Najua, mjukuu wangu," nilimjibu. "Uko nje tu."

Nikalimenya palepale, nikalila lote.